Vikombe vya nguzo za reli: uanze na vya kioo au vya kauri?

Hili swali naulizwa sana na watu wanaoanza hii hobi ya kukusanya vikombe vya nguzoni na huwa nalijibu kirefu, maana jibu fupi limewapoteza wengi. Mtu kaona kikombe kimoja cha kijani dirishani kwa rafiki yake, jua linapita ndani yake, basi moyo umeshatekwa, kesho yake anataka kila kitu, vya kioo, vya kauri, vya telegrafu, vya umeme, vidogo, vikubwa, baada ya miezi sita ana maboksi kumi na hajui hata kilichomo ndani. Mi nasema chagua upande mmoja kwanza. Na kwa wengi upande wenyewe ni kioo, ila kuna watu wa aina mbili nitakaowaambia waende kauri moja kwa moja bila kupoteza muda, nitawafikia huko mbele.

Nikisema vikombe namaanisha vile vihami vinavyokaa juu ya mikono ya nguzo, waya unafungwa shingoni mwake. Kazi yake ni kuuzibia umeme njia usiteremke kwenye mbao ukaishia ardhini, hasa mvua ikinyesha. Ndo maana vina sketi: maji yanalowesha juu na pembeni lakini ndani ya sketi panabaki pakavu, umeme unakosa pa kupita. Kioo kinaweza kazi hiyo, kauri pia inaweza, na kwa miaka mingi vyote viwili vilitumika sambamba.

Kwa nini reli? Kwa sababu waya na reli vimetembea pamoja tangu mwanzo kabisa. Laini ya telegrafu ya Samuel Morse ya mwaka 1844 kutoka Washington kwenda Baltimore ilipita kwenye ardhi ya reli ya Baltimore and Ohio, na mwaka 1851 reli ya Erie ikaanza kutumia telegrafu kuongoza treni zake. Baada ya hapo kila reli ya maana Marekani ilikuwa na safu yake ya nguzo pembeni, na kwenye nguzo moja unakuta mikono kadhaa, ya chini imebeba telegrafu na simu kwa vikombe vidogo, ya juu mara nyingi imebeba umeme wa kuendesha signali kwa vikombe vikubwa zaidi. Kwa hiyo huu mjadala wa kioo na kauri hatujauleta sisi, ulikuwa juu ya nguzo ileile tangu zamani. Waya wa mawasiliano una umeme mdogo, kioo kilitosha na kilikuwa rahisi kumwaga kwenye kalibu kwa maelfu. Umeme ulipoanza kupanda, hasa miaka ya 1890, watu kama Fred Locke kule Victor, New York, wakaingia kwenye kauri na ndiyo iliyokuja kutawala laini kubwa. Hapo naomba uelewe kitu kimoja, kama wewe unachotaka hasa ni vikombe vya laini za UMEME za reli na sio telegrafu, basi kauri ndo iko karibu zaidi na unachokitafuta. Huyo ndo mtu wangu wa kwanza wa kuelekezwa kauri.

Sasa tuanze na rangi maana ndo inayowavuta wengi.

Kioo kwenye rangi hakina mpinzani. Ile rangi ya kawaida, samawati iliyochanganyika na kijani, inayoitwa aqua, inatokana na chuma kidogo kilichomo kwenye mchanga, hakuna aliyeikusudia, ni mchanga tu ulivyo. Ukipanda juu unakuta kijani cha chupa, kijani cha zeituni, kahawia kama asali, samawati nzito ya kobalti, nyeupe kabisa isiyo na rangi, halafu zambarau. Kuna vikombe vya aqua vyenye mikanda ya kahawia ndani kama maziwa yanavyozunguka kwenye chai, ile ni kioo cha rangi mbili kilichokutana kwenye tanuru, na kila kimoja ni chake hakina pacha. Kampuni ileile, kalibu ileile, mwaka uleule, unapata rangi tatu tofauti. Kiukweli mtu anaweza kukusanya umbo moja tu maisha yake yote, rangi tu zikawa zinabadilika, na asichoke.

Zambarau inastahili maneno yake peke yake kwa sababu ndiko watu wanakolizwa. Zamani walikuwa wanatia madini ya manganizi kwenye kioo ili kuua ule ukijani wa chuma kitoke cheupe, ila manganizi ikikaa juani miaka na miaka inageuka zambarau. Yani kikombe kilipanda nguzoni cheupe kikashuka cha zambarau, jua ndo limekipaka. Shida ni kwamba ukikiweka kioo cha aina hiyo kwenye mionzi kinageuka haraka, tena kinakuwa zambarau nzito sana, na kuna watu wanafanya hivyo wauze ghali. Mimi mwenyewe niliwahi kununua kimoja kizuri ajabu, zambarau inayokaribia nyeusi, nikakaa nacho kama mwaka nakionyesha kila mgeni mpaka mzee mmoja kwenye hobi akaniambia taratibu kwamba umbo lile la kampuni ile halijulikani kabisa kuwa na rangi ile. Iliniuma. Siku hizi kabla sijanunua rangi ya ajabu naangalia kwanza kama wenye uzoefu wanaijua kwa umbo hilo na kampuni hiyo, kama hakuna anayeijua naacha hata kama roho inataka.

Kauri haina huo mtego kwa kiasi hicho, na hiyo ni faida yake. Rangi yake ni ya glezi, lile ganda linalong'aa kama kioo, iliyochomwa juu ya udongo, jua haliigeuzi. Wengi wanajua ile kahawia ya chokoleti na nyeupe tu, lakini ukichimba kuna samawati, kuna manjano ya haradali, kuna kijivu, kuna zilizochanganyika madoa madoa, na zile za zamani glezi imetiririka ikaganda kama nta ya mshumaa. Uzuri wake lakini hauji wenyewe. Kioo kinakupokea, kauri inakutaka uiinue, uigeuze, uipeleke karibu na taa. Ukiipanga dirishani inageuka kivuli cheusi tu kwa sababu mwanga haupiti, inataka shelfu yenye taa ya mbele. Kama nyumba yako ina dirisha moja zuri la jua basi hapo uamuzi umeshafanyika wenyewe.

Tukija kwenye kusoma kikombe, yani kujua nani kakitengeneza na lini, hapa kioo kinamsaidia sana mgeni. Vingi vina maandishi yaliyoinuka yametoka kwenye kalibu, unayapapasa kwa kidole hata gizani. Hemingray ndo jina utakalokutana nalo mpaka ulizoee, kampuni ambayo kiwanda chake kikubwa kilikuwa Muncie, Indiana, na mwaka 1933 ikachukuliwa na Owens-Illinois. Vikombe vyao vingi vina meno madogo yamezunguka ukingo wa chini wa sketi, hataza yake ni ya tarehe 2 Mei 1893, na tarehe hiyo utaikuta imeandikwa kwenye kikombe chenyewe. Walisema maji yatadondoka kwenye hayo meno na sketi ikauke upesi. Vya baadaye vina namba ya mwaka na nukta pembeni, kila nukta ni mwaka mmoja umeongezwa maana kalibu iliendelea kutumika, kwa hiyo ukiona 48 na nukta nne unahesabu unafika 1952. Hebu fikiria, kitu cha nguzoni kinakwambia mwaka wake wa kuzaliwa! Kampuni ya Brookfield ya Brooklyn wao waliandika anwani ya ofisi, kama 45 Cliff St, na kwa kuwa ofisi ilikuwa inahama, anwani tu inakupa kipindi. Halafu kuna kile kiwanda cha Millville, New Jersey, kilichotoa vikombe kwa jina la Whitall Tatum, 1938 kikawa Armstrong, 1969 kikawa Kerr, unaweza kupanga vikombe vitatu vyenye majina hayo ukaona historia ya kiwanda kizima imekaa mbele yako.

Juu ya hayo kuna namba za CD (Consolidated Design) alizozipanga mkusanyaji N. R. Woodward, ambazo ni za umbo na sio za kampuni. CD 154 ni ileile iwe imetengenezwa na Hemingray ambao wao waliiita namba 42, au na Whitall Tatum, au na Dominion wa Kanada. Wakusanyaji wakiongea wanataja namba tu, "nina 145 ya kijani", na kila mtu anajua ni lile umbo la mzinga wa nyuki. CD 162 wanaiita signali. Hemingray 60 yenye masikio mawili juu wanaiita Mickey Mouse. Ukijifunza namba kama ishirini hivi umeshaingia kwenye mazungumzo.

Kauri nayo ina namba zake, za U, na ni nyingi sana. Ila vingi havina jina kabisa, na vyenye jina mara nyingine ni muhuri mdogo uliogongwa kabla ya kuchomwa, glezi imeufunika nusu, unabaki unahangaika na tochi pembeni. Unajifunza kutambua kwa umbo, kwa rangi ya glezi, kwa jinsi ndani ya tundu palivyomalizwa. Ni elimu nzuri, mi naiheshimu, wale wanaojua kauri wanajua kwelikweli. Kwa mgeni lakini inakatisha tamaa, unashika kitu kizuri mkononi halafu miezi inapita hujui ni cha nani.

Isipokuwa Uingereza, na hapa ndo anakuja mtu wangu wa pili. Kule reli zilitumia sana kauri na vingi vimepigwa herufi za kampuni ya reli yenyewe, LMS, LNER, GWR. LMS na LNER zilizaliwa 1923 kwenye ule muungano wa reli, na 1948 zote zikachukuliwa na serikali, kwa hiyo ukishika kikombe cheupe chenye LMS umeshika kitu cha ile miaka 25 bila kuhitaji kitabu. Kama wewe ni mpenzi wa reli zaidi ya kioo, unachotaka ni jina la reli mkononi mwako, kauri ya Uingereza inakupa hilo kwa uwazi ambao kioo cha Marekani mara nyingi hakikupi, kwa sababu kule kioo kina jina la kiwanda na sio la reli. Sio vyote, kuna vya B & O, yani ile Baltimore and Ohio, vimeandikwa hivyo, na Kanada kuna vya Canadian Pacific, na hivyo watu wanavitafuta sana. Lakini kwa wastani, mpenzi wa reli atafurahi haraka zaidi akiwa na kauri.

Kuna wanaoniuliza kuhusu vile visivyo na hesi ndani, yani ile mizunguko kama ya skrubu. Mpaka katikati ya miaka ya 1860 tundu la kikombe lilikuwa laini tu, kinavalishwa kwenye kijiti na kinashikizwa kwa kitambaa au lami, na upepo na baridi vilikuwa vinavichomoa. Tarehe 25 Julai 1865 Louis Cauvet akapata hataza ya tundu lenye hesi, unakizungusha kinakaa, na tatizo likaisha. Vya kabla ya hapo ni adimu, ni ghali, na vya kughushi vipo. Usianze navyo. Basi.

Uimara sasa. Watu wanadhani kioo kitavunjika na kauri itadumu, kwenye shelfu mambo yako karibu sawa, vyote vimetengenezwa vikae nje miaka hamsini. Tofauti ni aina ya majeraha. Kioo kinamegukia kwenye ukingo wa sketi na yale meno ya Hemingray yanakatika kama ya mtoto, halafu kuna ufa wa ndani unaong'aa ukikizungusha kwenye mwanga, unauona, haujifichi. Kauri inameguka na pale pameguka panaonekana peupe kutoka mbali, ila ufa mwembamba unaweza kujificha chini ya glezi, kwa hiyo kigonge taratibu kwa ukucha usikie, kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa. Uzito ndo usipuuze. Kauri za laini za umeme ni nzito, nyingine zimeunganishwa vipande viwili vitatu kwa saruji, shelfu ya kawaida inapinda. CD 154 yenye kimo cha kama sentimita 10 unaweza kupanga thelathini mahali ambapo kauri kubwa nne zingejaza.

Na zile sahani za kioo zinazoning'inia kwa mnyororo kwenye laini kubwa na kwenye nyaya za treni za umeme ni habari nyingine kabisa, zile ni kioo kilichotiwa ugumu kwa moto, zikipigwa vibaya zinapasuka zote kwa mara moja kuwa chembechembe. Usiziweke chumbani kwa watoto, na usijaribu kuzitoa kile chuma.

Kusafisha, kauri inashinda bila ubishi. Maji ya vuguvugu, sabuni, brashi, glezi inarudi kung'aa kama jana. Kioo cha reli kina adui wake, masizi ya treni za mvuke, miaka na miaka ya moshi umepikwa juani mpaka umekuwa ganda jeusi ambalo sabuni hailigusi. Wenye uzoefu wanaloweka kwenye maji yenye asidi ya oksaliki kwa siku kadhaa halafu wanasugua na stilwaya ile laini kabisa. Inafanya kazi vizuri sana, ile siku unatoa kitu cheusi kama mkaa kwenye ndoo na chini yake kuna aqua safi inakutazama hutaisahau. Lakini ile asidi ni sumu, vaa glavu na miwani, fanyia nje, ndoo iwe na mfuniko na iwe mbali na watoto na wanyama, unga wake usiuvute puani. Na usitoe kikombe kwenye baridi ukakitumbukiza kwenye maji ya moto, kitapasuka mikononi mwako.

Kingine ambacho lazima uchague ni njia ya kuvipata, kuokota au kununua. Najua kuokota ndo ndoto ya kila mtu, utembee kwenye reli iliyokufa ukute kikombe kimelala kwenye majani. Lakini reli ni mali ya mtu hata kama imeota msitu, na kilichopo juu ya nguzo au chini yake ni mali yao, kukichukua bila ruhusa ni wizi na kuingia humo ni kosa. Halafu nguzo inayoonekana imekufa inaweza kuwa na waya ulio hai, hasa ule mkono wa juu niliousema wa umeme wa signali. Usipande. Usivute waya ulioanguka. Usitembee kwenye njia ambayo treni bado inapita, treni za siku hizi zinakuja kimya. Kama una hamu ya kuokota omba ruhusa kwa maandishi, au mtafute mkandarasi anayebomoa laini, hao mara nyingi wanatupa vikombe pamoja na mbao na ukiwaongelesha kwa heshima wanakupa. Beba glavu maana ile mikono ya mbao ilipakwa kreosoti, ile dawa ya kuzuia mbao isioze, na inachoma ngozi.

Kwa kuokota kioo kinapatikana zaidi kuliko kauri nzuri, ila andaa moyo, vingi vimepigwa risasi na watu waliokuwa wanajaribu shabaha, unakuta vipande tu chini ya nguzo. Kununua kwenye maonyesho ya wakusanyaji ndo napenda zaidi, sio kwa sababu ya urahisi, ni kwa sababu unashika. Rangi kwenye picha inadanganya mno, aqua inaonekana samawati, na ufa haupigiki picha. Marekani kuna chama chao, National Insulator Association, na maonyesho yanafanyika sehemu nyingi, wazee wa huko wanapenda kufundisha kuliko kuuza, ukisimama mezani ukauliza swali moja la kweli utaondoka na majibu kumi.

Kwa hiyo ukinisukuma niseme: una dirisha, unapenda rangi, unataka kujua mwaka na kiwanda bila kuteseka, nenda kioo. Unapenda umeme wenyewe, laini kubwa, au unataka jina la reli limepigwa kwenye kikombe, nenda kauri na uanze na za Uingereza kama unaweza kuzifikia. Mwenye nafasi ndogo asiguse kauri kubwa kwanza. Asiyependa kuchezea asidi aende kauri, au anunue kioo ambacho kimeshasafishwa.

Na kama bado unayumba, fanya hivi. Tafuta CD 154 tatu za kioo, moja Hemingray 42 yenye meno, moja Whitall Tatum, moja Dominion, hizi ni za kawaida mno hazitakusumbua kupata. Nyingine ya nne iwe kauri ya kahawia yenye muhuri unaosomeka. Zote nne ziweke pale unapokunywa chai asubuhi, kauri uiweke upande wenye taa, kioo upande wa jua, usinunue kingine chochote kwa mwezi mzima. Angalia mkono wako unaenda kwenye kipi kwanza ukikaa.

Wa kwangu ulienda kwenye Hemingray, tena ile yenye meno mawili yaliyokatika.